Binti anafunika mdomo, mama anatetemeka: tuanzie wapi?

Ujumbe wa wiki hii umetoka Kwa Mrombo. Mama mmoja, muuza mboga na mweka hazina wa kikoba cha wanawake mtaani kwake, anasema binti yake yuko kidato cha pili na kwenye karatasi anafanya vizuri. Lakini mwalimu akimwita mbele ya darasa aeleze kazi ya kikundi, anafunika mdomo kwa kiganja na sauti haitoki. Safari hii kikundi kizima kimepunguziwa alama kwa sababu yake, na wenzake wamemsusa.

Mama mwenyewe anaona hana ujasiri wa kumsema mtoto. Mwezi ujao anatakiwa kusoma taarifa ya fedha mbele ya wanachama wote wa kikoba, na tangu aambiwe hivyo usingizi umempungua. Anauliza kama huu ni ugonjwa wa kurithi, na kama una dawa.

Nilimpigia simu kumuuliza mambo machache. Je, binti anaongea vizuri akiwa nyumbani? Ndiyo, tena mama anasema akianza kusimulia hadithi za shule hanyamazi. Je, ana kigugumizi? Hapana. Kwa nini basi anafunika mdomo? Hapo mama akasita, kisha akasema ni meno. Binti alilelewa na bibi yake Ngarenanyuki mpaka alipofika umri wa miaka saba, na meno yake ya mbele yana rangi ya kahawia.

Basi hapa tuna mambo mawili yaliyokaa nyumba moja: hofu ya mwili, ambayo mama na binti wote wanayo, na aibu ya meno, ambayo ni ya binti peke yake. Tukiyachanganya hatutatibu hata moja.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukihisi hatari, hupeleka taarifa haraka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga kwenye damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaelekezwa zaidi kwenye misuli mikubwa, mate yanapungua, viganja vinatoa jasho na ghafla unahisi haja ndogo. Haya yote ni maandalizi ya kukimbia au kupigana. Ukikutana na nyoka shambani, ndiyo yanayokuokoa.

Shida ni kwamba macho arobaini yanayokutazama kwa pamoja, ubongo nao huyahesabu kuwa hatari. Na mbele ya darasa hukimbii wala hupigani. Nguvu ile inabaki ndani, ndiyo inayotikisa magoti na karatasi mkononi.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama ni hili: kutetemeka mbele za watu peke yake si ugonjwa. Ni mwili mzima kiafya unaofanya kazi yake mahali pasipohitajika. Kuhusu kurithi, ni kweli watoto wengine huzaliwa wakiwa na tabia ya haya zaidi ya wenzao, na jambo hilo hutembea katika ukoo. Lakini mtoto pia hujifunza hofu kwa kutazama. Akimwona mama yake anakwepa kila kikao, anahitimisha kwamba kikao ni mahali pa hatari.

Ukishajua mwili unafanya nini, kila dalili unaweza kuipa jibu lake. Mdomo ukikauka, kunywa maji mafundo mawili kabla ya kusimama. Mkono ukitetemeka, usishike karatasi moja nyepesi, shika daftari lenye jalada gumu. Haja ndogo, nenda mapema. Pumzi ikiwa fupi, vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, kisha itoe taratibu ukihesabu mpaka sita, mara tano. Kutoa hewa polepole hupunguza mapigo ya moyo. Na kwa kuwa hofu huwa kali zaidi dakika ya kwanza kisha hushuka yenyewe, sentensi zako mbili za mwanzo zikariri kabisa. Zitakuvusha.

Hofu yako haionekani kama unavyodhani

Mwaka 2003 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaotoa hotuba. Waligundua kwamba mzungumzaji hudhani wasikilizaji wanaiona hofu yake yote, wakati wao wanaona kidogo sana. Moyo unaoudunda wewe unausikia masikioni, lakini aliyekaa benchi la tatu hausikii. Jambo la kufurahisha ni kwamba wale walioelezwa ukweli huo kabla ya kuongea waliongea vizuri zaidi. Kuujua tu kulisaidia.

Mwaka 2014 mtafiti mwingine wa huko huko, Alison Wood Brooks wa Harvard, alionyesha kwamba waliojiambia wana hamasa kabla ya kuimba, kutoa hotuba au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mantiki yake ni nyepesi. Hofu na hamasa mwilini vinafanana, moyo unakwenda mbio kwa vyote viwili. Kumshusha mtu aliyepandwa na adrenalini awe mtulivu kabisa ni kazi ngumu. Kumgeuza kutoka hofu kwenda hamasa ni hatua fupi.

Ndiyo maana kumwambia mtoto "tulia, acha uoga" mara nyingi hakumsaidii. Anaona ameshindwa mara mbili: ameshindwa kuongea na ameshindwa kutulia. Mwambie kwamba mwili wake umejiandaa, sasa autumie.

Sasa tuje kwenye meno

Wakazi wa Arusha na Meru hawahitaji kuelezwa meno ya kahawia ni yapi. Chanzo chake ni madini ya floraidi yaliyo mengi kwenye maji ya ukanda huu wa volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru huzidi kiwango hicho, na eneo la Ngarenanyuki limo miongoni mwa yanayotajwa sana.

Madhara kwenye meno hutokea meno yanapotengenezwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni mpaka takriban miaka minane. Baada ya hapo rangi imeshaingia. Kwa hiyo binti huyu hajakosea chochote. Si mchafu, si kwamba hapigi mswaki. Kusugua kwa mchanga, majivu au mkaa hakutoi rangi hiyo, kunakula tabaka la juu la jino na kuliacha linauma. Daktari wa meno ndiye anayeweza kupunguza rangi au kuifunika, na kabla ya kulipa chochote ni vizuri kupata ushauri katika hospitali ya serikali.

Kwa wenye watoto wadogo, kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki, kwa hiyo kiwango kinapanda. Pili, baadhi ya magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi nayo yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni salama zaidi kwa mtoto mdogo upande huo, na pia kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi.

Lakini binti yuko kidato cha pili leo, na darasa halitasubiri daktari wa meno. Kuna kazi ya kufanya nyumbani: kulitaja jambo hilo. Familia nyingi hukaa kimya kuhusu meno wakidhani wanamlinda mtoto. Ukimya unamfundisha kwamba ni aibu kubwa isiyotamkika. Mama amkalishe, amweleze floraidi ni nini, na amweleze kwamba nusu ya watu wazima anaowaheshimu pale kwa bibi wana meno kama yake, na wanaongoza vikao, wanaimba kwaya, wanahubiri. Akiweza kusema mwenyewe bila kuona haya, "Meno yangu ni ya maji ya Ngarenanyuki", mtani wa darasani anakosa cha kushika.

Kiganja mdomoni nacho kina madhara yake. Kinafifisha sauti, na wasikilizaji wanashindwa kuona midomo. Badala ya kumpiga kelele "toa mkono", mpe mkono huo kazi: ashike daftari, au kalamu ya kuonyeshea ubaoni.

Kwa nini jambo hili si dogo

Kuna watakaosema kuongea mbele za watu ni kipaji cha wanasiasa na washereheshaji, mtoto asome tu. Mimi naandika habari za afya na ninaona gharama ya ukimya kila wiki. Mgonjwa anaingia kwa daktari na tatizo aliloliandaa njia nzima, anatoka na dawa ya mafua kwa sababu alishindwa kusema kinachomsumbua chini ya kitovu. Mama mjamzito anaona dalili ya hatari lakini haiseme mbele ya mawifi. Kwenye mkutano wa mtaa, bomba la maji linapelekwa walipo wenye sauti.

Na hao wa Ngarenanyuki wana historia yao juu ya hili. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakuwa na jeshi. Walichanga fedha wakamtuma mtu wa kwenda kusema. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiana na mwanasheria Earle Seaton, akaeleza yaliyowapata watu wake.

Ardhi haikurudi kwa kura za mwaka ule. Lakini dunia ilisikia, na Japhet aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akisimulia kesi hiyo kwenye mikutano. Miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akasimama New York kwenye Baraza la Udhamini la umoja huo. Somo la Japhet kwa mtu wa kawaida ni kwamba alikwenda kueleza jambo analolijua na lililowakuta watu wake. Mtu mwenye jambo la kweli la kusema ana nusu ya hotuba tayari.

Ukuta wa lugha

Tusimwonee binti huyu kwa kusahau jambo jingine. Miaka saba ya shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza mambo yote yakageuka Kiingereza. Anaposimama mbele ya darasa anabeba mizigo mitatu kwa mara moja: somo lenyewe, lugha ngeni na macho ya wenzake. Mtu mzima angeyumba.

Njia ya kumsaidia ni kupunguza mzigo mmoja mmoja. Kwanza alieleze somo kwa Kiswahili, nyumbani, mpaka liwe jepesi mdomoni. Akishalielewa hivyo, ndipo alieleze kwa Kiingereza kwa sentensi fupi fupi. Anayekwama kwa sababu haelewi somo na anayekwama kwa sababu hana neno la Kiingereza wanaonekana sawa mbele ya mwalimu, lakini dawa zao ni tofauti.

Mazoezi ya mezani

Uoga huu haupungui kwa kusoma makala kama hii. Unapungua kwa kuzoea, hatua ndogo ndogo, mara nyingi. Mtu anayekwepa leo anapata nafuu ya leo, lakini kesho hofu imekua. Anayejaribu kidogo na akaona hakufa, hofu inapungua kidogo.

Kwa familia hii ninapendekeza wiki nne. Wiki ya kwanza, kila jioni baada ya chakula, mmoja asimame dakika moja aeleze jambo moja la siku yake. Asimame kweli, asiongee akiwa amekaa. Leo binti, kesho mama, keshokutwa mdogo wa mwisho. Sheria iwe moja tu: anayesimama hakatizwi na hachekwi, hata akikosea. Televisheni izimwe na simu ziwekwe chini.

Wiki ya pili, dakika mbili, na safari hii kuwe na mwanzo, kati na mwisho. Mwanzo useme unazungumzia nini, kati kuwe na mambo mawili au matatu, mwisho useme unataka wasikilizaji wafanye au wakumbuke nini. Wiki ya tatu aongezwe msikilizaji wa nje, shangazi au jirani anayependwa. Wiki ya nne binti aombe kusoma somo au tangazo kanisani au msikitini, au aulize swali moja darasani akiwa amesimama. Swali ni hotuba fupi kuliko zote, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Akimaliza, usianze na makosa. Mwambie jambo moja mahususi alilofanya vizuri, kwa mfano alimtazama mdogo wake alipokuwa anaongea, kisha jambo moja la kuboresha kesho. Mawili yanatosha. Na baba wakiwepo, washiriki. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto anayeongea mbele ya wakubwa huambiwa hana adabu, kisha miaka kumi baadaye tunashangaa kwa nini alikuwa bubu kwenye usaili wa kazi. Adabu ni kujua wakati wa kuongea. Asipopewa wakati huo, hajifunzi adabu wala kuongea.

Njia za mkato

Kwa Mrombo panasifika kwa nyama choma, na pembeni ya nyama hakukosekani chupa. Wapo wanaoamini bia mbili hutoa aibu kabla ya kusimama kwenye sherehe. Pombe inalegeza hofu na ulimi na kumbukumbu kwa pamoja. Na mbaya zaidi, kila ukinywa ili uongee, ubongo unajifunza kwamba bila chupa huwezi.

Wengine hununua vidonge vya propranolol, dawa ya moyo na presha, kwa kuwa wamesikia inazuia kutetemeka. Ni kweli hupunguza mapigo ya moyo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa na kuhatarisha maisha. Isinywewe bila daktari kukupima.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Nimesema kutetemeka si ugonjwa, lakini kuna mpaka. Kama hofu ya kutazamwa na watu imedumu miezi sita au zaidi, na inamfanya mtu aache shule, kazi, ibada au hata kula mbele za wengine, huo ni ugonjwa wa afya ya akili unaoitwa hofu ya kijamii. Unatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa.

Kigugumizi nacho ni jambo tofauti. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi huachana nacho wenyewe, na takriban mtu mmoja kati ya mia huendelea nacho ukubwani. Hakiletwi na ulimi uliofungwa wala na woga, ingawa woga hukizidisha. Usimmalizie mtoto sentensi, usimwambie aanze upya. Msubiri amalize.

Kwako mama wa kikoba

Taarifa yako ya fedha ina faida moja: hakuna mtu katika ukumbi ule anayezijua hesabu hizo kuliko wewe. Usiisome yote neno kwa neno. Anza kwa salamu, kisha taja namba tatu: mlianza mwaka na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Namba nyingine ziwe kwenye karatasi kwa atakayeuliza. Ukiulizwa usichokijua, sema utakiangalia na kuleta jibu kikao kijacho, kisha nyamaza. Kusema hivyo hakukushushi heshima.

Ifanyie mazoezi mara tano kwa sauti, si kwa kusoma kimoyomoyo, na mara mbili kati ya hizo msikilizaji awe binti yako. Mwambie akupe jambo moja zuri na jambo moja la kurekebisha. Atakuwa anajifunza kusikiliza hotuba, na atakuwa ameona kwa macho yake kwamba mtu mzima anaogopa, magoti yanamtetemeka, na anaendelea kuongea.